Maziwa ya Unga Hayapimwi kwa Jicho

Nyinyi vijana mnaonyanyua vyuma pale Magomeni yetu ya Kilosa, mlionipitia juzi na kopo lenu la unga wa protini mkitaka niwasomee maandishi madogo ubavuni, nimekaa nikafikiri, nikaona jibu nililowapa lilikuwa fupi mno. Niliwaambia pimeni kwa mizani. Mkacheka, mkasema, "Babu, kijiko si kimo humuhumu ndani?" Kimo, nimekiona. Mjukuu wangu Rehema, ambaye ndiye aliyewaleta kwangu, alikichovya mbele ya macho yangu, akakigonga kwenye ukingo wa kopo, akachota tena, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka kikawa na kilima juu, kisha akasema hicho ndicho kijiko kimoja. Sikumjibu kwa sababu kidole kile kilinikumbusha mwanamke mmoja wa Rudewa, na habari yake haisimuliki watu mkiwa mmesimama mlangoni na viatu vya mazoezi.

Kazi yangu nilipokuwa na umri kama wenu ilikuwa kukoroga maziwa ya unga. Miaka ile ya Ujamaa wenzangu wa rika moja walikuwa wanakata mkonge, wengine wanapasua mbao, wengine wako na majembe kwenye shamba la kijiji, na mimi nimevaa aproni nyeupe katika chumba cha lishe hapa Kilosa, nakorogea watoto wagonjwa maziwa. Akina mama walionikuta pale walinitania mpaka nikazoea. Waliniita Baba Maziwa, na mmoja kutoka Mvumi kila akiingia alikuwa ananiuliza kama na mimi nanyonyesha. Nilikuwa namjibu kwamba nasubiri zamu yangu. Jina lilinikaa hadi nikastaafu nalo, na wazee wenzangu mpaka leo ndilo wanaloniitia sokoni.

Watoto tuliowapokea walikuwa na unyafuzi. Nyinyi hamjauona, na Mungu awape msiuone. Mtoto wa unyafuzi ukimtazama bila kuambiwa utadhani ameshiba, maana miguu imejaa, mashavu yamejaa, tumbo liko mbele. Lakini nywele zimepauka kama ndevu za mahindi, ngozi inabanduka, na hacheki wala halii kama watoto wanavyolia. Anaguna tu. Ukimpa chakula anageuza uso. Amekosa protini, hiyo hiyo mnayoinunua nyinyi ili mikono ijae. Wengi wao waliachishwa ziwa mama aliposhika mimba nyingine, wakahamishiwa kwenye uji mtupu wa muhogo. Tulikuwa tunawapa maziwa ya unga, sukari, mafuta ya kula na maji yaliyochemshwa, kila kitu kwa kiasi chake.

Hicho kiasi ndicho kilichomleta Mama Damari maishani mwangu. Alikuwa muuguzi aliyehamishiwa kwetu akasimamia chumba chote, Mkaguru wa milimani, aliyesomeshwa na wamisionari, mrefu na mkali. Alicheka kwa nadra, ila akicheka ilibidi ashike ukuta. Siku aliyoingia alinikuta nachota maziwa kwa kikombe cha bati, kama nilivyofundishwa na aliyenitangulia. Akanitazama nikichota, akaniomba nichote tena, na tena. Kisha akatoka. Aliporudi alikuwa amekumbatia mizani ya sahani mbili iliyokuwa imesahaulika kwenye chumba cha dawa, pamoja na kisanduku cha mawe yake ya shaba, madogo kwa makubwa, kila moja kwenye kitundu chake.

"Kijana," aliniambia, "kikombe kinapima nafasi. Mimi nataka kujua unga."

Sikumwelewa. Kwangu mimi kikombe kilichojaa kilikuwa kikombe kilichojaa. Nilianza kumwelewa siku ya safari ya Mikumi.

Tulikuwa tunakwenda Mikumi mara kwa mara kwa Landrova kupima watoto wa vijiji vya huko na kuwagawia mama zao maziwa. Barabara ya kutoka Kilosa ilikuwa mashimo matupu, ukifika umetikisika mpaka meno. Siku hiyo tulijaza unga kwenye debe hadi ukingoni, tukafunika, tukafunga kwa kamba, Mama Damari akalipima uzito. Tulipolifungua Mikumi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, unga ulikuwa umeshuka kiasi cha upana wa vidole vinne.

Mwenyekiti akalitazama debe, akamtazama dereva wetu, mtu mmoja mpole aliyeitwa Kasimu. "Ndugu dereva," akasema taratibu, "maziwa ya watoto wa wananchi yameishia wapi?"

"Ndugu Mwenyekiti, mimi hata chai nakunywa ya rangi," Kasimu akajibu, jasho linamtoka.

Watu walianza kunong'ona. Nyakati zile mtu akishukiwa kula mali ya umma haikuwa jambo dogo, na Kasimu alikuwa na familia. Mimi nilikaa naye kiti cha mbele safari nzima, nilijua hakugusa kitu, lakini macho yangu pia yalikuwa yanaliona debe limepungua. Mama Damari aliitundika kwenye mti ile mizani ya kuning'inia tunayopimia watoto, akalitumbukiza debe ndani ya mkoba wake wa kitambaa, palepale wanapoingizwa watoto miguu ikining'inia. Akina mama wakaangua kicheko. Mmoja akauliza huyu mtoto ni wa nani, mbona hana shingo.

Mshale ukacheza, ukatulia. Mama Damari akawasomea uzito, kisha akawaambia ni uleule aliousoma Kilosa kabla hatujaondoka, na mimi nilikuwa shahidi kwa kuwa ndiye niliyelishikilia. "Hakuna aliyeiba," akasema. "Barabara imeushindilia. Ulipanda gari umejaa hewa, umefika hewa imetoka."

Kisha akachukua kikombe changu cha bati, akachota katika lile debe, akafuta juu kwa mgongo wa kisu, akakiweka kwenye mizani ndogo aliyokuja nayo. Kikombe kile, cha unga uleule, kilikuwa kizito kuliko nilichokichota na kukipima asubuhi Kilosa. Nilipoona sahani inalala upande ule nilisikia vinyweleo vinasimama. Nilikuwa nimechota maziwa muda mrefu nikiamini najua ninachofanya, na kumbe mashimo ya barabarani yalikuwa na sauti zaidi katika kipimo changu kuliko mimi. Kasimu yeye alikaa chini kwenye kivuli cha gari akamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo alikuwa akimsikia mtu anaidharau mizani anakasirika kama ametukaniwa mama yake.

Sasa nyinyi kopo lenu limetoka Dar es Salaam kwa basi, likapanda bodaboda, likafika Magomeni. Mnadhani limeshindiliwa mara ngapi? Unga wa juu na wa chini ya kopo haulingani. Wakati wa masika unga ukiingiwa na unyevu unashikana mabonge, kijiko kinakuwa na mapango ndani. Mkibadilisha aina ya unga, kijiko cha kopo la zamani hakiwahusu tena, maana kuna unga mwepesi kama vumbi na kuna mzito kama mchanga. Ndiyo maana ubavuni mwa kopo wameandika gramu. Someni gramu. Wekeni kikombe kitupu kwenye mizani ya jikoni, bonyezeni irudi sifuri, mimineni pole pole mpaka namba ifike. Siku ambayo mizani haipo, tikiseni kwanza kopo likiwa limefunikwa ili unga ulegee, chukueni kijiko kingine, mjazie kile cha kopo bila kugonga wala kukandamiza, kisha mfute kilima kwa mgongo wa kisu. Hapo mtakuwa mmekaribia. Kukaribia kunawatosha nyinyi wenye afya. Watoto wangu hakukuwatosha.

Nije sasa kwa mwanamke wa Rudewa. Tulimwita Mama Mwajuma, kwa jina la binti yake aliyekuwa na umri wa kama miaka miwili. Mume wake, Salehe, alikuwa mkata mkonge. Mwajuma aliletwa amevimba macho yamebaki mistari, akalazwa kwetu, na mama yake akatandika mkeka chini ya kitanda. Alikuwa mwanamke mchangamfu asiyeogopa kuuliza, na nilimpenda upesi kama dada yangu.

Utaratibu wa Mama Damari ulikuwa kwamba asubuhi mimi napima kwa mizani, na mchana kila mama anamtengenezea mwanawe mwenyewe kwa kikombe, akikijaza kwa ulaini na kufuta juu, ili akirudi kijijini ambako hakuna mizani mkono uwe umezoea. Utaratibu mzuri. Lakini nyinyi ni watu wa hapa, mnajua sokoni kwetu kupima ni kitu gani. Kipimo cha kufuta ni cha mchoyo. Mtu akikupimia mchele, akakitikisa kibaba, akakigonga chini, akakandamiza, akaongeza kilima mpaka punje zinamwagika, huyo anakujali. Hata gunia bila lumbesa, kile kichwa cha ziada kinachoshonewa juu yake, mnunuzi anahisi ameonewa. Sasa mwambie mama anayepima chakula cha mtoto wake mgonjwa kwamba afute juu.

Mama Mwajuma alifuta nilipokuwa namtazama. Nilipogeuka kumsaidia mwingine, alikigonga kikombe mezani, akajaza tena, akashindilia kwa kidole gumba, akarundika. Alifanya hivyo kila mchana. Mtoto akaanza kuharisha vibaya sana, macho yakazama, midomo ikakauka. Tulibadili maji, tulichemsha vyombo upya, hatukujua kinachomla. Mama Damari ndiye aliyekiinamisha kikombe kilichoachwa na Mwajuma nusu, akaona maziwa yanateremka kwa uvivu kama uji.

Hakugomba. Aliwaita akina mama watatu, Mama Mwajuma akiwa mmoja wao, akawapa kikombe kimoja wakipokezane, kila mmoja achote kama anavyomchotea mwanawe, na wasidanganye. Wa kwanza akachota, tukapima. Wa pili akachota, akazidi kidogo. Mama Mwajuma akatuangalia, akaona aibu, kisha akasema potelea mbali, akagonga, akashindilia, akarundika. Nilipoumimina unga wake kwenye sahani, sahani ikaanguka ikagonga meza. Mama Damari akaongeza jiwe upande wa pili. Haikuinuka. Akaongeza jingine. Aliendelea kuongeza mpaka zikalingana, na yale mawe yalikaribia kuwa maradufu ya yale ya mama wa kwanza. Kikombe ni kimoja. Nilikuwa nimeshaona maajabu ya Mikumi, na bado nilishika kichwa.

"Kwa hiyo mwanangu nimemlisha chakula cha watu wawili," Mama Mwajuma akasema, sauti ndogo.

"Umemlisha mapenzi," Mama Damari akamjibu. "Tumbo lake halijapata nguvu ya kuyabeba yote hayo kwa mkupuo."

Kuanzia hapo Mama Mwajuma aliomba apime kwa mizani. Mama Damari akamkubalia. Asubuhi alikuwa anakaa pembeni yangu anajifunza mawe, lipi la gramu ngapi, namna ya kuyashika kwa kibano yasichafuke, namna ya kuiacha mizani itulie kabla ya kusoma. Hakujua kusoma maandishi, lakini mawe aliyajua kwa sura. Kuharisha kukapungua, kukakoma. Tukafurahi.

Kisha mtoto akaanza kupungua.

Kila tulipomtundika kwenye mizani ya watoto mshale ulisimama chini ya pale uliposimama mara iliyopita. Yale mashavu yakashuka. Miguu ikawa vijiti. Mama Mwajuma akaacha utani, akaacha kuongea na wenzake. Siku moja akaniuliza nikiwa naosha vikombe, "Kaka, unga naupima sawasawa?" Nikamwambia anaupima sawasawa. "Basi mbona mwanangu anakwisha?" Mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilihofia tumeupenda usahihi mpaka tunamnyima mtoto chakula.

Salehe alikuja kuwaona akiwa bado na vumbi la safari. Alimtazama binti yake muda mrefu, kisha akamgeukia Mama Damari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nilikuletea mtoto ana mashavu. Leo nakuta mifupa. Mizani yenu wenyewe, nimeambiwa, inasema anapungua. Nakushukuru kwa kazi yenu, lakini namchukua. Akafie kwao."

Nilijua, na Mama Damari alijua, kwamba Mwajuma akirudi Rudewa kwenye uji wa muhogo hatafika mwezi ujao. Mama Damari alipiga magoti kando ya kitanda, na mwanamke yule hakuwa mwepesi wa kupiga magoti. Akauchukua mguu wa mtoto, akamwambia Salehe, "Baba, siku mliyomleta uligusa hapa?" Salehe akasema hakumbuki. Akaomba aletewe mtoto mwingine aliyekuwa ameingia wodini siku hiyo, amevimba, akabonyeza mguu wake kwa juu kwa kidole gumba. Alipotoa kidole pakabaki shimo. Tukalitazama, halikujaa. Akamwambia Salehe abonyeze mguu wa Mwajuma. Akabonyeza kwa woga. Ngozi ikarudi mahali pake palepale.

"Yale mashavu yalikuwa maji," Mama Damari akasema. "Mwili ukikosa protini maji yanatuama. Akianza kupona yanatoka, na maji yana uzito. Mwanao hajaanza kukwisha, ameanza kubaki peke yake bila maji. Tukimpa muda kidogo nyama itafuata."

Vijana, nimezeeka na kitu kile bado kinanishangaza. Kumbe uzito unaoshuka unaweza kuwa ndio uponyaji wenyewe, na mtoto aliyejaa anaweza kuwa ndiye mtupu. Nilikuwa nawapima watoto kila wiki, nasoma mshale kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Nilimtazama Mwajuma upya, mifupa yake ile, nikaona kwa mara ya kwanza sura yake halisi. Alifanana na mama yake.

Salehe hakushawishika mara moja. Alisimama, akakaa, akasimama. Akamwambia mkewe afunge mkeka. Mama Mwajuma alikuwa amekaa ameshika mikono yake miwili mapajani.

"Baba Mwajuma," alisema, "mimi nabaki."

"Unabaki na nini?"

"Unga nimeupima mwenyewe, kwa mkono huu. Hakuna siku niliyozidisha wala niliyopunja. Najua nilichompa mwanangu. Huko nyumbani nilikuwa sijui."

Salehe aliondoka jioni kwa miguu bila kuaga vizuri. Mkewe alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akachukua kibano cha mawe, tukaendelea.

Zikapita siku za kungoja. Mshale uliganda, haupandi wala haushuki. Mwajuma alimeza tulichomnywesha kwa kijiko, akitazama ukuta. Mama Damari alipita kila asubuhi kubonyeza ule mguu, anakwenda zake. Mimi nilisali, na nasema kweli, nilikuwa si mtu wa sala nyingi.

Ilikuwa mchana, akina mama wanatengeneza maziwa. Mama Mwajuma ameketi mbele ya mizani, mawe ameshayaweka, anamimina unga kwenye sahani ya pili kidogo kidogo. Mtoto yuko kwenye mkeka miguuni pake. Nikasikia sauti ambayo sikuijua imetoka wapi. Mwajuma alikuwa ameinua mkono kuelekea kwenye kopo la unga, vidole vimekunjuka, na analia. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtoto mwenye njaa anayeona chakula kinacheleweshwa. Mtoto aliyekuwa anageuza uso akiona kijiko, leo anagomba apewe.

Kila mtu akaacha alichokuwa anafanya. Mama Damari alitokea mlangoni akaegemea ukuta, na safari hii hakuwa anacheka. Mtoto akazidisha, akashika kanga ya mama yake, akaivuta kwa nguvu zake zote zile chache. Nilidhani mama ataacha kila kitu, atachota ukufi mzima amtie kinywani, na kama angefanya hivyo nani angemlaumu. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. Lakini sahani ilikuwa imelala kidogo upande wa unga. Akachukua kijiko, akapunguza kwa ncha yake, akangoja mizani itulie, akapunguza tena chembe.

"Subiri, mama," akamwambia mwanawe. "Mama yako anapima."